Mkoba wa Ajok

Mwaka 2013, Ajok, fundi wa mikoba ya ngozi ya mbuzi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, alifunga safari hadi Lodwar kununua mkoba wa Kiitaliano alioutamani miezi mingi. Dukani kwa Jebet aliugeuza huku na huku, akaupapasa mshono kwa kidole gumba.

“Elfu thelathini, dada, lakini hiyo ni kazi ya mabingwa,” Jebet akausifia.

“Naona. Hata mimi nashona mshono huu huu.”

Jebet akacheka, mpaka Ajok alipomwekea mezani mkoba alioushona mwenyewe. Jebet akauchunguza mshono kwa mshono.

“Hii unauza?”

“Hii siuzi. Yako nitakushonea.”

Ajok akautundika mkoba wake begani, akatoka kifua mbele. Ule wa Kiitaliano hakuuangalia tena.