Dume na Jike Kwenye Tawi Moja

Nina heshima kuutangazia ulimwengu wa sayansi kwamba mimi, Rozario Appollis, mwanafunzi wa bweni, nimegundua mmea wa jamaa ya protea, maua ya milimani kwetu, ambao haujapata kuonekana tangu dunia iumbwe. Niliugundua jikoni, kwa gundi ya viatu.

Mmea wa kweli aliugundua Anti Dorkas, shangazi yangu, aliyekata maua ya kuuza kwenye milima hii miaka thelathini. Kilikuwa kichaka cha majani ya rangi ya fedha, kwenye mteremko nyuma ya kanisa, kisichofanana na kingine chochote. Mwenye shamba alitaka kuulima mteremko huo apande mizabibu. Kichaka kikithibitishwa kuwa spishi mpya, trekta lingezuiwa.

Daktari Malherbe, bingwa wa mimea wa mjini, aliomba matawi mawili: la dume lenye maua, na la jike lenye koni, yaani tunda gumu la mbegu. Katika kundi lile la mimea kila kichaka ni dume au ni jike. Hakuna kinachokuwa vyote viwili. Dume Anti alishalikausha na kulituma. Jike alikuwa ameliona kwa mbali tu, na goti lilimkatalia kupanda.

"Liko juu kabisa, penye mwamba uliopasuka," aliniambia. "Usinizembee, we mtoto."

"Anti, nakuletea bibi harusi mwenyewe!"

Jua lilikuwa kali. Nilikata tawi la dume pale chini, nikachuma koni ya kichaka cha kawaida, nikaibandika, nikalilaza tawi ndani ya gazeti kuukuu kama afanyavyo Anti, nikalifunga kwenye bahasha na kulituma mjini kwa jina lake. Nilidhani daktari atacheka.

Hakucheka. "Mama Dorkas, umebandika koni kwa gundi," alisema kwenye simu. "Sasa hata lile tawi la kwanza siliamini."

Trekta lilipanda mteremko wiki iliyofuata.

Niliporudi likizo nyingine, mteremko ulikuwa udongo mtupu. Anti aliniwekea chai nyekundu ya majani ya roibosi, na kando yake bahasha iliyorudishwa kutoka mjini. Akalitoa lile gazeti langu, akalikunjua. Fumbo la maneno lilikuwa limejazwa lote kwa wino wa kijani.

"Nyumba hii nani anaandika kwa kijani?"

"Anti, wino wa kijani unauzwa kila…"

"Rozario."

Nikaangalia kikombe. "Ni mimi. Sikupanda hata nusu."

"Sasa kule juu kulikuwa na jike, au macho yangu yalinidanganya?"

"Sijui, Anti. Sikwenda kuangalia."