Nafasi ya Kushiba

Kazi yangu ni kupima malori. Nakaa kwenye kibanda cha vioo katika lango la kiwanda cha saruji. Lori likiingia tupu nalipima, likitoka na mzigo nalipima tena, na tofauti ya namba hizo mbili ndiyo saruji iliyobebwa. Nimefanya hesabu hiyo miaka kumi na mmoja. Madereva wananiita Bonge, jina nililotoka nalo nyumbani, na hawakuliacha hata nilipopungua kilo hamsini na mbili. Mmoja wao aliniambia, kwa heshima zote, kwamba siku hizi jina linanipwaya. Nilimwambia apandishe kioo aondoke zake.

Nilianza kupungua mwezi mmoja baada ya kumzika mama. Watu walidhani ni msiba unanila. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemwahidi. Kila mwaka nilimwahidi, naye alinisikiliza huku pini zimejaa mdomoni, akitikisa kichwa kwa kuwa hakuweza kunijibu. Mwaka niliotimiza ahadi ndio mwaka ambao hakuwepo kuona. Hilo linaniuma kuliko njaa yoyote.

Mama alikuwa fundi cherehani, mfupi, mwembamba kama uzi wake mwenyewe. Katika kila nguo aliyoshona aliacha kitambaa cha ziada upande wa ndani wa mshono, upana wa kidole kimoja, na alikiita nafasi ya kushiba. Mafundi wengine wana majina yao, yeye alikuwa na hilo. Mteja atakula siku hiyo, alikuwa akisema, usimshonee kana kwamba hatakula.

Alituachia gauni moja la kijani kibichi. Alilishona miezi yake ya mwisho, mdogo wangu alipotangaza kwamba ataoa, akalitundika nyuma ya mlango wa chumba chake bila kusema neno. Sote tulijua ni lake la harusini. Harusi ikasogezwa mbele kwa ajili ya ugonjwa, kisha kwa ajili ya kifo. Mwaka wa pili ulipokuwa unaisha mdogo wangu akapanga siku nyingine, akaja kuniambia kwamba siku hiyo mimi ndiye nitakayekaa kwenye kiti cha mama.

Nikala kiapo kwamba nitakaa nimevaa gauni lile. Sikuwa na haja ya kumringia mtu. Nilitaka kitu alichokishika kwa mikono yake kinishike na mimi.

Mabegani lilinikaa, ubavuni nikahisi unene wa bitana, kile kitambaa cha ndani. Urefu nao ulinikaa, nikacheka peke yangu kwamba mama safari hii alipania kuvaa viatu virefu. Lakini zipu ilifika kiunoni ikagoma. Vidole vinne vya kitambaa vilipungua kunizunguka.

Nililipeleka kwa Mkasi, mwanafunzi wa mama aliyerithi cherehani na duka. Tulimwita hivyo kwa sababu ya ulimi wake. Akasema alifungue alitanue, kazi ya nusu siku. Nikamnyang'anya. Kila mshono uliomo mle ni wa mkono wa mama, na mishono hiyo haitengenezwi tena. Mkasi akasema basi nikalale nalo kabatini.

Ikabaki kazi moja, kupunguza tumbo. Nilikuwa nimeshakwama kwenye kilo sabini na tisa, mafuta yote yaliyobaki yamehamia mahali pale pale zipu ilipogomea. Kalori zangu nilikuwa nimezitoa kwenye simu, elfu moja na mia nne kwa siku. Nikashusha hadi elfu moja na mia mbili. Mizani haikusogea, nikashusha hadi mia tisa. Nilipima maharage kwenye mizani ndogo ya jikoni, na mdogo wangu akauliza kama hayo maharage nayo yana namba ya usajili. Nilikula kwa macho kila nilipopita dirisha la mwoka mikate. Nywele zikaanza kubaki kwenye kitana, na kizunguzungu kikanianza.

Kisha siku moja mchana nikaandika uzito wa lori tupu mahali pa uzito wa lori lenye mzigo. Kwa karatasi ile, gari lilikuwa limetoka kiwandani na hewa. Bosi hakunifokea. Aliniambia nikamwone mtu.

Mtu huyo alikuwa mtaalamu wa lishe wa kliniki ya jirani, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba. Aliniuliza ninachokula tangu asubuhi hadi jioni, akaandika, akajumlisha, akavua miwani.

"Mwanangu, hizi kalori ni za mtu gani?"

Nikasema ni zangu. Akasema hapana, hizi ni za mtoto wa miaka mitatu, tena mgonjwa. Akanieleza taratibu. Mwili uliopungua sana unajifunza ubahili, unatumia kidogo kuliko mwili wa mtu ambaye siku zote alikuwa na uzito huo huo. Ukizidi kuunyima, hauachii mafuta, unakula misuli. Alikadiria kwamba wangu unatumia kama elfu mbili na hamsini kwa siku. Nipunguze mia mbili na hamsini tu, nile elfu moja na mia nane, na kila mlo uwe na yai, samaki au maharage ya kutosha. Mara tatu kwa wiki ninyanyue vitu vizito. Kiuno nikipime kwa tepu kila baada ya wiki mbili, na nisiitazame mizani kila asubuhi kama mtu anayesubiri barua.

Kisha akaniambia nishike tumbo langu kwa vidole viwili.

"Hapo nusu ni mafuta, nusu ni ngozi," akasema. "Ngozi haisikii njaa. Wewe unapima malori, utanielewa. Mzigo umeshashuka. Sasa unang'oa bodi."

Nilimuuliza kama vidole vinne vitaondoka ndani ya wiki tano. Akasema labda kimoja.

Nililia mbele yake, na sioni haya kusema. Nikamweleza habari ya gauni. Aliniacha nimalize, akaniuliza swali moja tu, kama mama yangu alikuwa na desturi ya kunilaza na njaa. Nikasema hata siku moja. Akaandika 1,800 kwenye karatasi, akanisukumia.

Nikaanza kula, shingo upande. Mayai mawili ya kwanza niliyala kama mwizi, nikiutazama mlango. Wiki ya pili kizunguzungu kilikoma. Wiki ya nne tepu ilionyesha kidole kimoja kimeondoka, kama alivyosema, na namba za malori zilikuwa zimerudi mahali pake. Zilibaki siku nane. Nikapiga moyo konde, nikalipeleka gauni kwa Mkasi, nikakaa kwenye stuli ya wateja na kutazama pembeni ili nisione wembe ukiingia.

Nilisikia bitana ikifunguka. Halafu Mkasi akaweka wembe mezani.

"Bonge, njoo uone."

Ule unene wa ubavuni ambao siku zote nilidhani ni bitana haukuwa bitana. Kilikuwa kitambaa, kimekunjwa kikakunjwa tena, kimepigwa pasi kikalala. Mkasi alikikunjua, akaweka vidole vyake juu yake kimoja kimoja. Nane. Upande wa pili, nane.

"Hakuwahi kumwachia mtu hivi," akasema. Kisha akalisimamisha gauni mbele yangu, mabega yake kwenye mabega yangu. "Mama yako alikuwa ananifika hapa kidevuni. Urefu huu si wake. Ulimwona lini na viatu virefu?"

Juu ya kitambaa kile palikuwa na mistari miwili ya chaki. Mmoja ulipita kwenye mshono wenyewe. Wa pili ulikuwa mwishoni kabisa, na Mkasi hakuhitaji kunieleza, kwa sababu nilikifahamu kiuno hicho. Nilikibeba miaka mingi. Mstari wa kwanza ulikuwa mimi yule niliyeahidi kuwa, wa pili ulikuwa mimi niliyekuwa nimesimama mbele yake nikiahidi. Hakujua ni yupi kati yetu atakayefika harusini, akatushonea wote wawili.

Na mimi nilikuwa nimejinyima chakula ili niingie kwenye nguo ambayo muda wote ilikuwa inaningoja kwa upana wowote.

Nilikaa chini. Mkasi akanipa maji, akauliza afungue kiasi gani.

"Viwili kila upande," nikasema. "Vilivyobaki usivikate."

Siku ya harusi nilikaa kwenye kiti cha mama. Sahani ililetwa, sikuipima, nikala polepole hadi ikaisha, na gauni halikunibana popote. Mdogo wangu alisema nimependeza. Mtaalamu wa lishe, niliyemwalika, alisema nimependeza. Mimi nilitamani mtu mmoja tu anione, hata pini zikiwa mdomoni, hata bila kunijibu.