Ekseli Niliyoipindua

Miaka sita nimekaa chini ya gari za watu pale gereji kwa Fundi Masoud, Wete. Miaka sita, na bado mteja akija anauliza, "Fundi yuko wapi?" na mie nimesimama mbele yake na spana mkononi. Skuli niliacha kidato cha pili kwa sababu sikuweza kutulia. Na hapa napo nishachoka, wallahi.

Ndipo Bwana Abbas mwenye duka la vyombo akaja na habari ya Landrova. Ilikuwa ya babake, marehemu Aliasgar, aliyekuwa akipelekea bidhaa Makangale enzi za tope tupu. Ilikaa uani miaka kumi na tisa, kuku wanatagia ndani. Injini yake ya petroli ilikwama kama iliyotiwa saruji. Abbas akanunua injini ya dizeli ya Hailaksi, na giaboksi yake, ikaja kwa boti.

"Masoud, utanitilia?"

"Kwa mgongo huu? Mwambie Hudhaifa."

Abbas akanitazama kama mtu anayechagua papai. "Hudhaifa, hii gari ikenda Makangale ikarudi na karafuu za shamba letu, lile ghala tupu kando ya duka lichukue. Fungua gereji yako."

Ghala lile lina sakafu ya saruji na mlango mpana, tena liko barabarani! Siku ile ile nikamwambia Masoud, "Fundi, hii niachie mwenyewe. Usiguse. Usinambie hata kitu kimoja."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

"Haya, yakhe."

Injini ilikaa. Kilichonitesa ni propela, ile shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi kwenda kuzungusha ekseli ya nyuma. Landrova ya zamani, difu lake, lile tumbo la ekseli, liko upande wa kulia. Na mie injini nilikuwa nimeisogeza kushoto ili ikwepe boksi la usukani. Basi propela ikakaa mshazari. Ukiiendesha hivyo wiki moja, jointi zote zimekwisha.

Nikalala chini siku nzima naitazama. Nikaifungua, nikaifunga, nikatupa nyundo, nikaifuata nyundo. Halafu ikanijia: nikiipindua ekseli yenyewe, juu ikawa chini, difu litahamia kushoto. Nikajiona nina akili kuliko walioiunda.

Nikamwita Hija mchomeaji akate vikalio vya springi avihamishie upande wa pili.

"Lakini tundu la kutilia oili sasa litakuwa chini," Hija akasema. "Utatia vipi, gari ilale chali?"

"We choma, Hija. Mdomo wa nini?"

Masoud akapita na kikombe chake cha chai, akainama, akatazama, akacheka puani, akenda zake. Nikasema huyu wivu unamla.

Bi Fatema, mamake Abbas, alishapanga Ijumaa baada ya sala isomwe dua, gari itoke. Nyumba ile hakitumiwi chombo kikubwa bila ya dua. Nikamfuata barazani. "Bi Fatema, silinda ya klachi haijafika. Tusogeze mbele."

"Mwanangu, halua nishaagiza na watu nishawaalika. Halua haingoji silinda."

Silinda ikafika na boti Ijumaa asubuhi. Nikaifunga mpaka adhana inaadhiniwa, nikaoga haraka haraka, kucha nyeusi hivyo hivyo. Injini nilishaiwasha mara nyingi. Lakini kwenye gia sikuwahi kuitia hata mara moja.

Baada ya sala ua umejaa watu. Ubani ukazungushwa kwenye boneti, shehe akasoma, tukaitikia amin. Nikapanda, Abbas kando yangu na kanzu nyeupe. Nikawasha, ikashika mara moja. Bi Fatema akapiga kigelegele. Moyo wangu huo, ungedhani nimeoa.

Nikakanyaga klachi, nikatia gia ya kwanza, nikaachia.

Gari ikarudi nyuma.

"Umekosea gia," Abbas akasema.

"Sikukosea."

Nikatia ya pili. Ikarudi nyuma kwa kasi zaidi, watu wakaruka huku na huku, deli la kahawa likapinduka kwenye mkeka. Nikafunga breki. Jasho linanitoka, nikatia rivasi. Ikaenda mbele, polepole, inalia.

Hapo nikaelewa. Ekseli ukiipindua, magurudumu nayo yanazunguka kinyume. Nilikuwa nimeunda gari yenye gia tano za nyuma na moja ya mbele.

"Inakwenda Makangale hiyo!" mtu akapiga kelele. "Ila dereva atakuwa anatupungia mkono mpaka Konde!"

Ua mzima ukacheka. Abbas hakucheka. Akashuka, akakung'uta kanzu.

Masoud alikuwa ukutani anakula halua. Nikamwendea.

"Uliona?"

"Tangu Jumanne."

"Na hukunambia!"

"Ulisema nisikwambie hata kitu kimoja." Akalamba kidole. "Nikaheshimu."

Ningempiga, wallahi, kama si umri wake.

Abbas akasema, "Masoud, ichukue gari uitengeneze weye."

"Siichukui. Aliyeikoroga yuko hapa."

Basi nikaipeleka gereji kwa ile rivasi, mtaa mzima, mwendo wa konokono, kila sakubimbi yuko mlangoni. Nikavikata tena vikalio, nikairudisha ekseli ilivyokuwa. Na nilipomaliza propela iko vile vile, mshazari. Nikakaa juu ya tairi. Jumamosi ikapita, Jumapili ikapita. Mwisho nikenda kwa Masoud.

"Fundi. Nambie."

"Nikwambie nini?"

"Kitu kimoja."

Hata kikombe hakukiweka chini. "Kata propela vipande viwili, beringi katikati. Nusu ya kwanza inyooke na giaboksi, nusu ya pili imalizie huo mshazari polepole."

Maneno ya dakika moja! Mie nimepoteza mwezi mzima na sura yangu mbele ya Wete nzima.

Alhamisi tukenda Makangale, mie na Abbas, mbele kwa mbele. Tukapakia magunia kumi na moja ya karafuu kavu, tukarudi. Mvua ikaanza kunukia tulipofika dukani. Nikasimamisha gari mbele ya mlango wa ghala, nikazima.

"Haya, Bwana Abbas. Imekwenda, imerudi."

Akajikuna kidevu. "Ngoja mwezi mmoja kwanza, Hudhaifa. Tuone. Watu wanakuita Fundi Rivasi, unajua?"

"Najua. Mwezi hukuusema."

"Sasa nausema. Isogeze gari uani."

"Siisogezi."

"Weye mtoto una kichwa kigumu!"

"Ndiyo."

Tone la kwanza likapiga boneti. La pili likapiga gunia. Abbas akatazama juu, akatazama karafuu zake, turubai hatuna. Akanitazama mie. Nimekaa kwenye usukani na ufunguo nimeukalia.

Akatukana kwa Kikachi, lugha ya kwao, nikajua ni matusi ingawa sikielewi. Halafu akafungua kufuli, akausukuma mlango.

Nikawasha, nikatia gia ya kwanza, nikaingia mpaka ndani. Nikashuka, nikatoa sanduku la spana nyuma ya kiti, nikaliweka katikati ya sakafu.

"Wafanya nini?"

"Nafungua gereji."

"Na karafuu zangu?"

"Zishushe," nikamwambia. "Mie fundi, si mpagazi."