Kuni za Mjomba Hayward

Leo nasema, na anayetaka kunicheka anicheke.

Miaka kumi na moja mimi ndiye niliyekuwa nikihesabu maua ya braya hapa kwetu, kaskazini kabisa ya kisiwa cha Newfoundland. Ni kiua cheupe, ukoo mmoja na kabichi na haradali, petali nne zimekaa msalaba, na hakioti popote pengine duniani ila kwenye kokoto za chokaa za pwani hii yetu, na kukiharibu ni kosa kisheria. Nilikuwa na daftari la serikali na kioo cha kukuzia nilichokivaa shingoni kama medali. Watu wakaniita Profesa Melvina. Walikuwa wananitania tu, lakini mimi nikavimba kichwa.

Julai moja Mjomba Hayward akanisimamisha nje ya duka. Si mjomba wangu wa damu. Huku kila mzee ni mjomba. Alitaka kupanga kuni zake za majira ya baridi pale machimbo ya zamani ya kokoto, kando ya barabara, alikokuwa akikausha kuni kwa miaka arobaini.

"Njoo uangalie kwanza, mwanangu," akasema. "Kuna vimaua pale. Ukisema ndivyo, kuni nazipeleka kwingine."

Tulipofika nikapapasa shingoni. Kioo nimekisahau nyumbani! Ningesema tu, "Mjomba, ngoja nikakichukue." Dakika kumi, basi. Lakini ng'ambo ya barabara Garland na mkewe Daphne walikuwa wakipalilia viazi kwenye bustani yao. Maneno yetu yasingewafikia, ila walikuwa wamenyoosha shingo wamtazame Profesa akifanya kazi. Nikaona haya kurudi. Hata magoti sikupiga niyatazame kwa karibu.

"Hii siyo braya, ni ile ya kawaida inayofanana nayo," nikasema. "Imejaa kila mahali."

"Una hakika? Marehemu Effie wangu alikuwa akisema hizi zenye zambarau kwa mbali..."

"Mjomba, Effie alijua kuoka mikate. Maua niachie mimi."

Akacheka, masikini. Akang'oa kimoja na majani yake, akakichomeka kwenye kofia yangu. "Haya, Profesa. Umesema, yamekwisha."

Siku nne baadaye nilikikuta kimenyauka palepale kwenye kofia. Nikakiweka chini ya kioo, kwa mchezo tu. Ile ya kawaida, vinyweleo vya jani lake vimechanua kama nyota. Hivi vilikuwa kimoja kimoja, vimesimama. Nikaenda dirishani nikatazama tena.

Nilikwenda mbio mpaka machimboni. Lundo lilikuwa limeshafika kifuani, refu kama malori mawili, na chini yake kokoto zimesawazishwa kwa koleo. Pembeni nilihesabu miche tisa iliyobaki. Mjomba alikuwa juu anafunga turubai.

"Shuka, Mjomba. Nilikosea. Ndiyo yenyewe."

Akashuka polepole, akaketi juu ya gogo. "Yote?"

"Yote."

"Na yule mama wa serikali aliyekufundisha anakuja lini?"

"Kesho. Ataninyang'anya kazi, Mjomba, na ana haki." Nikalia mbele yake kama mtoto.

Kesho yake yule mama alisimama mbele ya lundo, nusu ya kijiji ikiwa nyuma yake. "Nani aliruhusu hizi kuni?"

Nikafungua mdomo. Wallahi neno lilikuwepo, lakini nikaona macho ya watu wote wale, nikaufunga.

Mjomba Hayward akavua kofia. "Ni mimi. Melvina alinikataza, sikusikia. Kichwa kigumu tu."

Nami nikanyamaza. Baadaye Mjomba akaninong'oneza, "Wewe una kazi ya kupoteza. Mimi nina kuni tu."

Mjomba akaamriwa azihamishe kuni zote. Huku kwetu mtu akihamisha kuni, majirani hawangoji kuitwa. Safari ile hakwenda mtu. Siku tatu mzee wa miaka sabini na tisa alibeba gogo moja moja peke yake, nami nilimtazama kutoka dirishani kwangu. Sikwenda, kwa kuogopa kuulizwa kwa nini nimekwenda. Dukani wakawa wanampigia kelele, "Mjomba, angalia unapokanyaga, utafungwa!" Naye anacheka nao.

Juzi nilichoka kuyasikia hayo. Duka limejaa, Mjomba yuko kando ya jiko la kuni anaota moto. Nikasema kwa sauti, "Mwacheni. Ni mimi niliyemwambia apange kuni pale. Yeye aliuliza, mimi nikamdanganya."

Daphne akanishika mkono. "Una roho nzuri, Melvina. Unataka kumbebea mzee aibu yake."

"Nasema kweli! Naapa kwa kaburi la mama yangu!"

"Jamani, huyu mwanamke," Garland akasema, anatikisa kichwa kwa mapenzi. Wakanivutia kiti.

Nikamgeukia Mjomba. "Waambie!"

Hakuinua macho kutoka kwenye moto. "Msimsikilize," akasema. "Ana huruma kupita kiasi."

Daphne akanimiminia chai, akaongeza sukari mwenyewe. Nikainywa.