Mvinyo wa Shamba la Anyosisye

Walikunywa mvinyo wa baba yangu, Anyosisye, kwa vikombe vya uji. Ilikuwa siku ya pili ya msiba, saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba namnyonyesha Tumpale, nikasikia watu wanacheka, nikajua hicho si kicheko cha uji. Nilipozunguka nilimkuta shangazi Miriamu ameinama juu ya pipa la bluu, ndoo mkononi, anakoroga mpaka chini kama anavyokoroga komoni, pombe yetu ya mahindi, ili machicha yapande kila mtu apate.

Pipa lile lilikuwa limekaa wiki tatu kwenye mchanga wenye maji, chumba cha nyuma, dirisha limezibwa kwa gunia. Kwenye mfuniko baba alikuwa ametoboa akapitisha mpira mwembamba ulioingia ndani ya chupa ya maji, hewa itoke isiingie. Kila asubuhi alikuwa anainama kusikiliza yale mapovu kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto. Yalipokoma alisema sasa tusiuguse, utulie, machicha yashuke, tutaukuta umetakata. Siku nne baadaye alijilaza mchana, hakuamka.

Nilimwambia shangazi aache. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba watu wametembea kutoka Galula kwenye jua hili, na pombe ikipita siku tatu inaharibika, sembuse hii ya wiki tatu. Afadhali marehemu asifiwe nayo. Alishaongeza kilo mbili za sukari.

"Halafu haina hata povu, mwanangu," akaninong'oneza, kama ananisitiri.

Shangazi sikuweza kumkasirikia. Hasira yangu ilimwendea aliyefungua mlango. Ufunguo wa chumba kile baba alikuwa anauvaa shingoni, na aliyeuvua wakati wa kuosha maiti ni baba mdogo Ambakisye. Yeye alijua. Alikaa na baba mwezi mzima akisikia habari za Conjesta, mnunuzi wetu, na Jumamosi yake ya kuja kuonja.

Baba alifanya kazi miaka kumi na miwili kwenye mashamba ya zabibu Dodoma, akarudi na vipande vya mizabibu myeupe kwenye gunia bichi, amevipakata ndani ya basi. Ndugu wote walimwambia apande juu Ileje, kwetu, kwenye mvua na kahawa. Akaja kununua ekari moja huku Mbangala, mteremko wa changarawe nyeupe ambapo hata mtama unakonda. Alisema zabibu haitaki ardhi iliyonenepa. Huku joto linazipika kutwa, jioni upepo wa kutoka Rukwa unazipoza. Mwaka wa kwanza tulipata siki. Wa pili, mfuniko ulipasuka ukapiga dari, tukaokoa chupa mbili tu. Rafiki yake wa Dodoma akajitolea kumletea zabibu achanganye, zitoshe. Baba akakataa.

"Nikichanganya nitapata mvinyo," alisema, "lakini nitakuwa nimeipoteza Mbangala."

Zile chupa mbili ndizo Conjesta alizoonja. Ana hoteli Tunduma, karibu na mpaka, wanalala Wazambia wa biashara na madereva wa malori. Alisema kwanza anasikia mapera mabichi, halafu ukishameza kunabaki kitu kama jiwe la mtoni ulilolilamba ukiwa mdogo. Angechukua pipa lote la mwaka huu na kuandika jina la shamba kwenye chupa, shamba moja, kilima kimoja. Angefika Jumamosi kuonja.

Na ile changarawe ina dhahabu. Sadock na wachimbaji wake walishatwanga mawe yetu wakaona. Baba mdogo alimshawishi baba mara tatu awaachie wachimbe, akakataliwa mara tatu. Sasa kikao cha kuanua matanga ndicho kingeamua, na neno langu pekee kwenye kikao hicho lilikuwa lile pipa. Nilimpigia Conjesta, nikamweleza yaliyolipata pipa. Alinipa pole, akalia kidogo, kisha akasema wageni wake hawezi kuwamiminia hadithi.

Siku ya nne alasiri tulikaa kwenye mikeka. Baba mdogo aliongea vizuri, ana sauti ya kanisani. Alisema kaka yake alihangaika sana na ile miti, sasa amepumzika, nasi tupumzike. Alisema mimi mume wangu yuko Tunduma anapakia mizigo, nina mtoto mchanga, nitalimaje peke yangu. Mwisho akasema kwa vile hakuna pingamizi, vijana wa Sadock wameshaanza kashimo kwenye pembe ya chini.

Sikuwa najua habari za shimo. Nilimfunga Tumpale mgongoni, nikasimama. Fundo likanishinda, mama mmoja akanifungia.

Niliuliza nani alikunywa juzi. Watu wakatazamana. Nikawaambia mnajua wote, Mnyiha, Mndali, hata Msukuma aliyehamia jana: pombe ya msiba inapikwa baada ya mtu kufa, na inanywewa bure. Ile ambayo mwenye shamba ameitengeneza akiwa hai ni pombe ya kulima. Ukiinywa, unaamka na jembe. Mimi na baba tulizikamua zile zabibu kwa mikono yetu, yeye akiimba.

Baba mdogo alicheka. "Tumenywea msibani, Jenista. Hiyo ni ya msiba."

"Msiba una siku nne. Mvinyo una wiki tatu."

Kisha Mhoja, jirani yetu mwenye ng'ombe, akajikuna kidevu. "Mimi vikombe vinne, mama Tumpale. Cha tano nilimwaga nusu. Nihesabie."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema viwili, mwingine akasema yeye na mkewe. Shangazi akajitetea kwamba alionja tu.

"Wewe ulikoroga," Mhoja akamwambia. "Utalima siku mbili."

Sikucheka. Nilimgeukia baba mdogo. "Wewe ulikunywa wa kwanza, kama mkubwa. Kama unataka shamba lichimbwe, waambie hawa kwamba umekunywa pombe ya kulima na hulimi."

Mtu wa namna hiyo jina lake lingefika Galula kabla ya jua kuzama, na hakuna ambaye angemwitikia tena siku akitaka wa kumsaidia hata kubeba jeneza. Akasema atakuja.

Kesho yake asubuhi walikuja watu thelathini na mmoja. Niliwaonyesha kupogoa: acha macho mawili, kata kwa mshazari, usivute. Walikuwa wazito wa mkono mwanzoni, nikawafokea, wakanivumilia. Shangazi aliuliza kama mwakani mapovu yatakuwepo. Nikamwambia yatakuwepo, nitamwita aje ayasikilize, ila ndoo aiache kwake.

Sadock alifika na pikipiki saa tatu. Aliona migongo shamba zima, kila mstari una mtu. Hakuzima hata injini.

Baba mdogo alifika wa mwisho. Nilimpeleka pembe ya chini, kwenye shimo. Mizabibu minne ilikuwa imeng'olewa, imetupwa juu ya kifusi, mizizi juani. Nikamwambia afukie. Alifukia mpaka saa saba, shati limemganda mgongoni, na alipomaliza akanitazama kama anasubiri kitu.

"Shindilia," nikamwambia. "Hapa napanda upya."

Akashindilia. Watu walipoanza kuondoka nilisimama njiani na Tumpale mgongoni, nikampa kila mmoja mkono na pole ya kazi. Baba mdogo naye alipita. Nilimpisha njia, mkono sikumpa.