Pete Zilizofungwa Mapema

Ulimwengu na utulie, kwani mimi, msaidizi mkuu wa utafiti na mtunza siri za uhai, ninayo habari nzito ya kutangaza. Kusema kweli, nilikuwa mbeba boksi. Ndani yake mlikuwa na wavu wa pete za waya, na mwenye pete ni dada yangu, mpimaji damu wa zahanati, aliyenipa kazi hiyo kwa sharti moja: nifunge mdomo.

Siku hiyo ya likizo, saa tisa alasiri, dada alitakiwa mbele ya jopo la watu watatu. Walikuwa wanachagua mtu mmoja wa kwenda mbali kusomea vimelea kwa miaka miwili. Mara mbili alishaomba, mara mbili wakamkataa. Safari hii kila mwombaji alitakiwa aeleze jambo gumu hadi mtoto alielewe, kwa hiyo wiki nzima mtoto nikawa mimi.

"Kimelea cha malale ni seli moja tu," aliniambia jikoni. "Kina mitokondria moja, kiwanda chake cha nguvu, na humo DNA yake ni viduara maelfu vilivyoshikana kama wavu huu. Kabla hakijagawanyika, lazima kinakili kila kimoja. Kinafanyaje?"

"Kinamtuma mdogo wake."

"Kinachomoa kiduara, kinakinakili, halafu vyote viwili vinarudishwa pembeni mwa wavu. Na vyote vinaachiwa mwanya mdogo."

"Kama wa meno yako."

"Kama wa meno yangu, asante. Mwanya ndio alama kwamba hiki tayari. Vikiisha vyote, ndipo mianya inazibwa na wavu unagawanywa."

Kwa kuwa jopo lilimpa dakika kumi tu, alinakili nusu ya pete nyumbani, akaziacha na mianya. Zilizobaki kumi na tano, zisizo na mwanya, angezimalizia mbele yao. Akaweka wavu na pete kumi na tano za akiba ndani ya boksi, akalifunga kwa kamba, akaenda kuoga. Nikabaki na boksi, koleo la baba, na utulivu ambao shuleni ungemfanya mlezi wa bweni apekue kitanda changu.

Ukumbini dada alianza vizuri. Alichomoa pete, akaunganisha nakala, akarudisha. Hata mjumbe aliyekuwa akisinzia alifumbua macho. Kisha pete za akiba zikaisha, na wavuni bado kulikuwa na nyingine zilizofungwa, rundo zima.

Dada aliinua wavu jopo liuone.

"Hapa nimekwama," alisema taratibu. "Zilizonakiliwa na zisizonakiliwa sasa zinafanana. Kimelea kikiziba mianya mapema namna hii, hakitajua kimebakiza nini. Kikigawanyika, seli moja itarundikiwa pete zilezile, nyingine itakosa inazozihitaji, na huenda ikafa."

Mwenyekiti, mama mnene mwenye miwani ya kamba, aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Nimeelewa kwa nini kinasubiri. Ulipanga itokee hivi?"

Angeweza kusema ndiyo. Mimi ningesema ndiyo kabla swali halijaisha.

"Hapana, mama. Nadhani nilisahau kuziacha wazi."

"Mtu wa maabara anayesahau," alisema mwenyekiti, na kalamu ikaanza kutembea kwenye karatasi.

"Hakusahau," nilisikia mtu akisema, na kwa bahati mbaya alikuwa mimi. "Alipokwenda kuoga zote alizonakili zilikuwa wazi."

Dada aligeuka polepole. "Boksi nililifunga kabla ya kuoga. Wewe ulizionea wapi?"

Nilimtazama mjumbe wa usingizi kwa msaada. Safari hii alikuwa macho kabisa.

"Nilizifunga mimi," nikasema. "Kumi na moja. Kwa koleo la baba."

Mwenyekiti alikata kwa mstari alichoandika. "Na wewe, mwanangu, kwa nini?"

Nilikuwa na jibu tayari, refu, lenye neno "majaribio" mara nne. Nikaliacha.

"Jumapili ya wageni shuleni, anayekuja kuniona ni yeye peke yake," nikasema. "Nilitaka wamkatae tena."