Taa ya Usoni

Mwenye kovu usidhani kapoa. Kovu la Meerim lilikuwa na majira mawili ya baridi, na bado lilimwasha kila alipopanda mlima huu wa Jyrgalan. Jioni hiyo alisimama kwenye theluji ya magotini, redio mbili zikining'inia shingoni, betri za flashi kazibana kwapani zisigande. Ulukbek, mpiga picha mwenye jina mpaka mji mkuu, Bishkek, alikuwa amemwita tena kazini. Aliamini msichana amekuja kunyenyekea. Mwache aamini.

Kazi yenyewe ni hii: giza likishaingia, kamera hufunguliwa jicho sekunde kumi. Haioni kitu. Mrukaji anateleza na ubao wake, anaruka, flashi inalipuka mara moja, na yeye anabaki pichani akielea, theluji ikimzunguka kwa rangi ya zambarau au ya moto. Kwa hiyo anayepiga picha hasa ni yule mwenye kifyatulio mkononi, ingawa jina linaloandikwa chini ni la mwingine.

Na sheria ni moja. Flashi huwekwa nyuma ya mrukaji, au ubavuni. Usoni, kamwe. Anayemulikwa usoni gizani hutua kipofu.

Taalay, kaka yake Meerim, alitua kipofu. Hakukuwa na mrukaji wa kumfikia bonde zima. Sasa goti lake lilikuwa na vyuma, naye aliendesha pikipiki ya theluji ya kupandishia wenzake. Ulukbek ndiye aliyeamuru taa iwekwe mbele, maana alitaka sura. Meerim alikataa, Ulukbek akashuka mwenyewe akaihamisha na kuifyatua. Kisha hospitalini alilia mbele ya watu wote. "Msichana amekosea taa," alisema. "Msameheni, bado mdogo." Wakamsamehe! Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Taalay peke yake hakusamehe, na tangu siku ile hakumsemesha dada yake, hata kumwomba chumvi mezani.

Meerim alisema ukweli mpaka sauti ikamkauka. Nani angemsikiliza? Amri ile ilitolewa kwenye chaneli ya saba, na ya saba walikuwa nayo yeye na Ulukbek tu. Wengine wote, warukaji, Taalay, hata mama Bermet jikoni kwake anayetaka kujua lini atie nyama sufuriani, husikiliza ya tatu.

Ndiyo maana leo alikuwa na redio mbili.

"Meerim," redio ya chaneli ya saba ilikoroma. "Taa zikoje?"

"Mbili nyuma, moja ubavuni, baike." Alimwita kaka mkubwa, kama adabu inavyotaka. Adabu haikumzuia kushika ile redio ya chaneli ya tatu, kubonyeza kitufe cha kusemea, na kuziweka zote mbili mdomo kwa mdomo.

"Sura haitatoka. Ichukue ya ubavuni, iweke mbele."

Juu ukingoni, Ermek alikuwa amekwisha kufunga miguu kwenye ubao. Mtoto wa dada yake Ulukbek huyo, damu yake. Usiku baada ya usiku Meerim alilala akipanga jambo jingine: kutii, kufyatua, amwache Ermek aanguke, na safari hii wote wawe wamesikia nani kaamuru. Jicho kwa jicho. Lakini asubuhi ile Ermek alimletea chai yenye maziwa na kumtania, "Eje, dada yangu, kunywa, umekuwa mweupe kama wa kuzikwa." Goti la Ermek halikuwa na deni naye.

"Mbele wapi, baike?" aliuliza, kwa sauti ya mjinga.

"Usoni kwake! Unataka nikuchoree?"

"Kama ulivyoniambia kwa Taalay? Nikakataa, ukaenda kuiweka mwenyewe?"

Upepo ulipita kwenye misonobari. Moyo wa Meerim ulimpiga mpaka akaogopa redio itausikia.

"Kama kwa Taalay, ndiyo," alisema Ulukbek, amechoka naye. "Ila mimi nilichelewa kufyatua. Wewe wahi. Na akianguka, funga mdomo, mambo ya zamani usiyafukue."

Meerim aliachia kitufe.

Wa kwanza kusema alikuwa mama Bermet, na nyuma yake mafuta yalisikika yakichemka. "Ulukbek, mwana kulaaniwa! Nilikupa mkate wangu miaka yote hii!"

"Mjomba," alisema Ermek kutoka juu. "Mimi nafungua ubao. Siruki."

Ulukbek hakuwa na chaneli ya tatu, lakini alimwona kijana akivua ubao. "Meerim? Kuna nini? Nakuja, tuzungumze."

"Nimekwisha zungumza miaka miwili. Sasa wewe ndiye uliyesikika, baike. Bonde zima."

Pikipiki ilinguruma, ikapanda na taa yake ya njano, ikampita Ulukbek aliyeinua mkono, haikupunguza hata mwendo. Ilisimama mbele ya Meerim. Taalay alivua miwani. Uso wake ulikuwa umelowa, na hakujaribu kuupangusa.

"Nilimwamini yeye," alisema. "Wewe dada yangu, nikamwamini yeye."

"Ulimwamini." Hakumpunguzia. Siku nyingine, labda. "Sogea kidogo."

Ulukbek alikuwa akishuka kwa miguu, kamera kifuani, anazama, anainuka, njia haioni vizuri. Alikuwa anawajia, uso umeshaandaa machozi yale ya hospitalini. Meerim aling'oa ile flashi ya ubavuni, akaigeuza, akaielekeza mbele.

"Mdogo wangu, nisikilize," Ulukbek alianza.

Akafyatua.

Mlima wote uliwaka mweupe, kisha giza likarudi zito zaidi. Ulukbek alipiga kelele, akapepesuka, akakaa kitako thelujini, viganja machoni. "Sioni! Sioni kitu!"

"Ni upofu wa dakika mbili tu," alisema Meerim. "Kwa aliyekaa chini."

Akapanda nyuma ya kaka yake, nao wakashuka kula.